Kusawazisha Kinoo Kabla Kaka Hajafika

Asubuhi ile kaka alinitumia ujumbe kabla hajapanda gari kule Manyoni: "Nije na kisu changu?" Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni, mkono mmoja una unga, nikahisi damu inanipanda. Nikamjibu kwa kidole kimoja: "Usije na kitu. Kila kitu kipo." Nikaweka simu juu ya kabati, nikaichukua tena, nikaona jibu limekaa kwa ukali, nikaongeza "karibu sana kaka." Halafu nikaenda kukitazama hicho kisu nilichosema kipo.

Kisu kilikuwepo, ndiyo. Tatizo lilikuwa kinoo.

Lakini kwanza niseme habari ya kaka, maana bila yeye nisingehangaika na jiwe. Kaka ni mkubwa wangu, na ni Mwislamu. Alisilimu alipooa huko Manyoni, miaka mingi sasa, mimi na mama tukabaki kanisani. Kwetu Mkiwa hilo si jambo la kushangaza mtu. Ukiwa na sherehe, hata kama ni ya ubatizo, unamwita Mwislamu akuchinjie ili kila jirani ale, na maisha yanaendelea. Kilichokuwa kinanikera ni kwamba tangu aoe, kaka hajawahi kula akashiba nyumbani kwangu. Anakuja, anamwamkia mama, anakaa sebuleni, anakunywa maji. Nikimwekea chakula anamega mara mbili tatu, anashukuru, anasema ameshiba. Ameshiba nini? Mimi nauza kuku wa kienyeji hapo barabarani, abiria wanashuka kwenye mabasi wakiulizia mapishi yangu, Waislamu na Wakristo, wanaramba vidole. Ndugu yangu wa tumbo moja ananawa na kusukuma sahani.

Nilikuwa nimejaribu yote. Kuku wangu wanachinjwa na kijana wa msikitini, na kaka anamjua. Nyama ya nguruwe haijawahi kuingia nyumba hii tangu ijengwe, na hilo pia analijua. Hata hivyo nilimnunulia vyombo vyake mwenyewe, sahani, bakuli, kikombe na sufuria yenye mfuniko, na mtu mwingine hagusi. Bado akawa anamega mara mbili tatu.

Sasa mama aliugua wakati wa mvua, akaugua mpaka tukaanza kuongea kwa sauti ya chini ndani ya nyumba. Akapona. Alipopata nguvu ya kukaa nje akasema anataka chakula cha shukrani, achinjwe mbuzi, na akaongeza kwa Kinyaturu, kama kawaida yake anapotoa amri, kwamba nimwite kaka yangu achinje. Nikaona hapo hapo, ndiyo hii. Akichinja yeye, kwa mkono wake, kwa dua yake, atasema nini? Nitakuwa nimemwondolea kila kisingizio, kimoja baada ya kingine, mpaka abaki hana pa kujificha isipokuwa kwenye ugali wangu.

Ndiyo maana ule ujumbe wa kisu uliniudhi. Mtu anayekuja na kisu chake ni mchinjaji aliyeitwa. Anachinja, anafuta kisu, anapewa fungu lake, anaondoka. Mimi sikutaka mchinjaji, nilitaka kaka. Ila nilijua pia kwamba kwa kisu hana mchezo. Kuna harusi huko Manyoni alipewa kisu butu, akakipitisha kwenye ukucha, akakiweka chini na kusema hawezi kumkereza kiumbe kama gogo. Nikimpa kisu cha hivyo ataniomba ruhusa aende kwa watu wa msikitini akaazime, na hapo nimeshapoteza.

Kisu chenyewe kilikuwa kirefu, cha mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa Sekenke kwenye machimbo yake yasiyoisha. Kilikuwa hakijaguswa siku nyingi. Nikakaa kwenye kibaraza, nikalowesha kinoo, nikaanza kunoa. Nilinoa mpaka bega likauma. Nikajaribu kwenye karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita. Karibu na mpini kisu kilikata, kwenye ncha kikakata kidogo, katikati kikachana karatasi kama mbwa. Nikanoa tena. Ikawa vile vile.

Hapo ndipo nilipokitazama kinoo kwa macho, badala ya kukitumia tu. Ni kinoo cha dukani, cha kijivu, upande mmoja unakwaruza na mwingine ni laini. Kimenihudumia tangu nianze biashara, na chote nilichonolea ni visu vyangu vifupi vya kuku, siku zote hapo hapo katikati. Nikachukua rula ya shule nikaisimamisha juu yake kwa ubavu, nikakiinua kuelekea mwanga. Chini ya rula kulikuwa na bonde. Mwanga ulipita hapo bila kuomba ruhusa. Kisu kifupi kinaweza kuingia bondeni na kunoleka, kisu kirefu kinapita juu ya kingo mbili na tumbo lake haligusi kitu.

"Kuna nini?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka wake ukutani.

"Kinoo kimebonyea."

"Si ununue kingine."

"Jumapili, mama. Nani kafungua duka la vinoo Jumapili asubuhi?"

"Basi tumia cha jirani."

Cha jirani nilishakiona. Chake kimebonyea mpaka kuku wake wananywea maji. Nikamwambia nitakisawazisha mwenyewe, na mama akacheka kile kicheko chake cha puani, ambacho nilifurahi kukisikia tena baada ya miezi ile, na kilichoniudhi pia.

Nilianza vibaya. Nilijua kwamba jiwe linasawazishwa kwa kusuguliwa mahali palipo sawa, basi nikaliweka kwenye ngazi ya saruji ya kibaraza, nikamwaga maji, nikasugua mbele na nyuma kwa nguvu zangu zote. Ulitoka ule mlio unaoingia kwenye meno. Mbuzi, niliyekuwa nimemfunga kwenye nguzo ya kibaraza ili asikate kamba na kwenda kwenye alizeti ya watu, akasimamisha masikio. Mama akafunga yake kwa khanga. Nikasugua, nikatazama saa kwenye simu, nikasugua. Nilipoweka rula tena nikakuta bonde lipo pale pale na sasa pembe moja imekwenda chini. Ile ngazi yenyewe haikuwa sawa. Miguu yetu imeila miaka yote hii, na mimi nilikuwa nakifundisha kinoo upotovu wa ngazi.

Nikatukana, kwa Kiswahili ili mama asikie vizuri. Nikazunguka nyumba mara mbili bila kujua natafuta nini. Nikachungulia barabarani, kana kwamba gari la Manyoni lingefika kabla ya wakati kwa sababu tu mimi sipo tayari. Nikarudi, nikaingia stoo, nikakumbuka kipande cha marumaru kilichobaki tulipoweka sakafu ya sebule. Kilikuwa nyuma ya magunia, kizima. Nikakipima kwa rula kila upande, huku na huku na kwa mshazari, na mwanga haukupita. Nilikibusu. Mama alikuwa anatazama lakini sikujali.

Kazi nzuri ina utaratibu wake na mimi utaratibu hunichosha, ila siku ile nilijilazimisha. Nikachekecha mchanga kwa chekeche, ule wa mto, nikatupa changarawe. Nikaweka marumaru juu ya gunia lililolowa ili isiteleze. Nikachora mistari ya penseli juu ya uso wote wa kinoo, mingi, ya kukatana, kama mtoto anayeharibu daftari. Nikamwaga mchanga kiganja kimoja na maji, nikalaza kinoo kifudifudi, nikaanza kusugua kwa kuzungusha. Sikubonyeza, nililiacha jiwe lijibebe lenyewe. Hilo la kutobonyeza ndilo lililonishinda. Kila nikijisahau mkono unataka kugandamiza, unataka tuishie hapo, na kila ukigandamiza upande mmoja jiwe linakwenda mshazari.

Nikainua. Penseli ilikuwa imefutika kwenye kingo mbili tu, na katikati mistari yote ilikuwa mizima, inaniangalia. Nikaongeza mchanga. Maji yalitoka ya kijivu, mazito, kama uji wa ulezi uliosahauliwa. Mchanga ukisagika sana hauli tena, unateleza tu, inabidi uusafishe na kuweka mpya, na mimi nilichelewa kulijua hilo nikapoteza muda mwingi nikisugua tope juu ya tope. Nikageuza kinoo, mbele pakawa nyuma. Nikahama kona ya marumaru, ili nayo isibonyee. Nikainua tena. Mistari ilikuwa imepungua kama dimbwi linalokauka, imebaki katikati, mirefu kidogo upande wa kushoto.

"Kwani anakuja kula au kukagua mawe?" mama akasema.

"Mama, wewe hutaki ale?"

"Mimi nataka ale tangu siku ile aliyooa," akasema, na akageukia ukuta kama anayetaka kulala. Alikuwa hajalala.

Simu ikalia. Kaka: gari limesimama Manyoni bado, linasubiri kujaa. Ningeshukuru, lakini roho yangu haikujua kushukuru siku ile. Kama lingechelewa sana je, angeghairi? Nikaandika "sawa," nikaifuta, nikaandika "tunakusubiri." Nikarudi kwenye jiwe. Nilihisi kwamba nikiacha kusugua hata kidogo atageuza njiani arudi kwa mkewe. Ni upuuzi, najua. Lakini mikono yenye kazi inaogopa kidogo kuliko mikono iliyokaa, na mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba angechinja, angenawa, ningempakulia, na angemega mara mbili tatu. Ningefanya nini baada ya hapo? Kungebaki nini cha kununua?

Mstari wa mwisho wa penseli ulikuwa mfupi kama ukucha, na uling'ang'ania. Nilimwaga mchanga mpya nikauzungukia taratibu, nikiwa nahesabu pumzi zangu nisije nikagandamiza. Ukafutika. Nikaosha jiwe, nikalipangusa kwa kitambaa, nikasimamisha rula na kuliinua kwenye mwanga. Giza tupu chini ya rula, mwanzo mpaka mwisho. Nilipiga kigelegele. Mbuzi akaruka.

Kisha nikanoa, hapo hapo, kwa miguu iliyokunjwa, nikiwa na furaha ya mwehu. Upande wa kukwaruza kwanza, halafu ule laini, ambao nao ilibidi niusugue kidogo. Kisu kirefu kikalala juu ya kinoo kizima, na sauti ikabadilika. Haikuwa tena ile ya kukwama na kuruka, ikawa moja, ndefu, kama mtu anayevuta kitambaa. Nilikivuta, nikakigeuza, nikakivuta. Nikakiinua juani kukiangalia, nikakigeuza tena, kinang'aa. Karatasi ya kalenda ilianguka vipande viwili bila kelele. Nikaikata na nyingine, halafu nyingine, mpaka mama akauliza tutajuaje tarehe.

Kaka alifika baada ya adhuhuri, kofia yake kichwani, vumbi la bodaboda ya kutoka stendi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikampokea kwa magoti nusu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Pole na safari."

Akaenda kwa mama, akainama, akamwamkia, akamshika mkono kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu juu ya sinia dogo kama mhudumu wa hoteli. Hatimaye akageuka, akakichukua. Akakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba. Akanyoa nywele chache za mkono wake. Akanitazama.

"Kisu hiki kakinoa nani?"

"Mimi."

"Ni kikali kweli," akasema, na mimi nikajiona mrefu kuliko nguzo. Halafu macho yake yakashuka. Yakaona marumaru, mchanga uliolowa, kinoo. Yakaona mbuzi aliyefungwa hatua chache kutoka hapo, ambaye alikuwa ametumbua macho na amerudi nyuma mpaka kamba imekazana.

"Umenolea hapa?" akauliza. "Mbele yake?"

Nikaliweka sinia chini. Nimekulia kati ya Waislamu, nimesikia tangu nikiwa mtoto kwamba mnyama haonyeshwi kisu, hanolewi kisu mbele ya macho yake. Nalijua kabisa. Mimi nilimnolea asubuhi nzima, nikamwinulia kisu juani, nikampigia na kigelegele. Nilikuwa nimemwondolea kaka visingizio vyote, halafu nikamtengenezea kimoja kipya.

"Basi tena," nikasema. "Ni haramu sasa?"

"Si haramu. Ila si vizuri. Mnyama naye ana roho." Akakifunika kisu kwa kitambaa, akafungua kamba, akamwongoza mbuzi nyuma ya nyumba kwenye mabua ya alizeti. Akarudi, akakaa kwenye mkeka na mama. "Tumwache ale, asahau. Hakuna haraka."

Hakuna haraka! Alikaa pale akimsimulia mama habari za watoto wake, na mimi nikawa naingia jikoni natoka, nafagia palipofagiliwa, naosha sahani safi. Niliona mambo yalikokuwa yanaelekea. Angesubiri mpaka alasiri, angechinja kwa adabu, angesema ana safari. Nikavitoa vile vyombo vyake kabatini, nikavipanga kwenye meza ya sebuleni, kimoja kimoja, na kila kimoja kikalia kuliko nilivyotaka. Mwishowe nilitoka nje na kitambaa mkononi.

"Kaka, kama hutaki kula kwangu, niambie leo. Niambie mbele ya mama. Mimi nimechoka."

Akaniangalia kama mtu aliyepigwa. "Nani kasema sitaki?"

"Miaka yote unashiba kabla hujala!"

Akaonyesha kidole ndani, kwenye meza ya sebuleni.

"Ile sahani bado ina karatasi ya dukani nyuma yake," akasema. "Kila nikija unanikalisha pale peke yangu, na kikombe kipya na sufuria mpya. Ninyi mnakula jikoni na mama, nawasikia mnacheka. Mimi natafuna peke yangu kama afisa aliyekuja kukagua. Sasa mgeni anakula kiasi gani, mdogo wangu? Mgeni anamega kidogo, anashukuru."

"Lakini nilifanya kwa ajili ya dini yako!"

"Dini yangu haikukutuma ununue sahani. Si najua mnachopika humu? Kuna siku nimekuuliza?"

Hakuwahi kuniuliza. Nilikuwa na hasira naye kwa kukaa na neno hilo miaka yote, na nilikuwa na hasira na lile jibu kwa kuwa jepesi hivyo. Machozi yalinitoka na nikayafuta kwa kile kitambaa cha vyombo.

"Mna vichwa vya baba yenu, wote wawili," mama akasema. "Mbuzi ameshasahau. Nendeni."

Tulikwenda nyuma ya nyumba, mimi na yeye. Mbuzi alikuwa anatafuna bua. Kaka alimlaza taratibu upande, kichwa kikaelekea kibla, mimi nikashika miguu, yeye akatoa kisu kutoka kwenye kitambaa nyuma ya mgongo wake. Alisema Bismillahi, Allahu Akbar. Mkono ulipita mara moja tu. Sikusikia chochote, na mbuzi hakulia. Kaka alikaa amechuchumaa mpaka miguu ilipotulia mikononi mwangu, kisha akasema, "Hicho kinoo utaniazima," na nikasema sitamwazima mtu.

Nyama ilipikwa kwenye sufuria kubwa nyeusi ya nyumba, ile yenye sikio moja. Ugali nikausonga mwenyewe. Tulikula jikoni, sinia moja, mama katikati kwenye kigoda, kaka chini ameegemea gunia la mkaa, kofia ameitundika kwenye msumari. Sikumkaribisha. Sikumwambia ongeza, wala sikumtazama mkono unakwenda mara ngapi, ingawa kujizuia huko kulinitoa jasho. Mama alikuwa anasimulia jinsi alivyoota akiwa mgonjwa kwamba tumeuza ng'ombe wake, na tulikuwa tunabishana kama ilikuwa ndoto au aliwasikia watu wakipanga.

Sinia lilikuwa limeisha. Kaka alilamba kiganja, akatazama huku na huku, akanyoosha mkono nyuma yangu kwenye mafiga na kuiburuta sufuria ya ugali mpaka kati ya magoti yake. Akachukua kijiko akaanza kukwangua ukoko.

Hakuomba. Alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya sufuria, akikwangua kwa bidii, akitia mdomoni vipande vilivyoungua.

"Wewe!" nikamwambia. "Ukoko ni wa aliyesonga." Nikashika sikio la sufuria nikavuta, naye akavuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyeachia.